Nyumba Tuliyoigeuza Iangalie Jua

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Asubuhi hiyo Boito ilikuwa na ukungu mzito, ule wa kulala juu ya majani chai mpaka jua lichoke kuusubiri, na mvua nyepesi isiyo na sauti.

Nilikuwa nimetoka kupeleka maziwa. Niliporudi nikakuta X kubwa nyekundu kwenye ukuta wa nyumba mpya tunayojenga.

Rangi ilikuwa bado inateremka.

Na mtu aliyeipaka alikuwa ameketi jikoni mwangu, kwenye nyumba ya zamani, anakunywa chai.

Naitwa Janeffer. Nina miaka arobaini na tisa na nasoma darasa la jioni la watu wazima, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika, mnivumilie. Haya ninayowaambia yalinipata mimi mwenyewe.

Yule mtu alisimama nilipoingia. Kofia yake ilikuwa na nembo ya kaunti.

"Pole, mama. Naitwa Gichana, mkaguzi wa majengo. Mvua ilinishika hapa, huyu mama akanikaribisha."

Huyu mama ni Bilhah, mama ya mume wangu. Watoto wangu humwita Kogo, yaani nyanya, na mimi pia namwita hivyo. Alikuwa amegeukia moto, hataki kuniangalia.

Nikaona kikombe cha mgeni. Chai ya rangi.

Niliona aibu. Kwetu mgeni hunywa chai ya maziwa, hata kama ng'ombe ni mmoja na anakaribia kukauka. Nikajua Kogo amemkasirikia mtu wa kaunti, akamnyima maziwa makusudi.

"Nikuongezee maziwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Hii ndiyo yangu."

Nilienda chumbani nikatoa ramani ya nyumba, ile iliyopigwa muhuri. Sisi hatukujenga kama wezi. Mume wangu Kipruto alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alitafuta mchoraji, akapeleka ramani kaunti, akalipia, akangoja mpaka ikakubaliwa.

Nikamwekea Gichana mezani. "Soma. Muhuri huo hapo."

Hakuisoma. Aliitambua tu.

"Karatasi iko sawa, mama. Nyumba ndiyo haiko sawa. Hapa mlango unaangalia barabara. Kule nje unaangalia wapi?"

Nikaangalia nje.

Mlango wangu unaangalia jua likitoka.

Niwaeleze. Siku ya kupima msingi, Kipruto na ndugu yake Kipkosgei, ambaye ni fundi wa mawe, walikuwa wamefunga kamba kama ramani inavyosema. Kogo akaja na fimbo yake. Akaangalia kamba. Akauliza, "Mlango uko wapi?"

Wakamwonyesha barabara.

"Barabara?" akasema. "Nitakuwa naamka niombe nikiangalia pikipiki?"

Tulicheka sana siku hiyo. Baba yake Kogo alijenga mlango ukiangalia mashariki, na mume wake vilevile, na yeye mwenyewe kila asubuhi husimama mlangoni na kuomba jua likimpiga usoni. Kipruto akasema, "Si ni kugeuza kamba tu? Vyumba ni vile vile."

Wakageuza. Hakuna aliyeona kosa. Mimi ndiye nilishika ncha moja ya kamba.

"Kabla ya kumwaga simiti," Gichana akaniuliza, "mlituita tuje tuone mmepima wapi?"

"Mvua ilikuwa inakaribia. Tuliharakisha."

Akatikisa kichwa polepole, bila kunikaripia. Akatoa amri ya kusimamisha ujenzi, akaiacha mezani chini ya kikombe. "Mtu yeyote asipande pale juu, mama. Hasa ile pembe ya chini."

Ile pembe ya chini ndipo alipofia Kipruto.

Ilikuwa mwezi wa pili. Waya kubwa za stima zinazoenda kiwanda cha chai zinapita kwenye mpaka wa shamba letu. Kipruto alikuwa juu ya ukuta anavuta chuma kirefu cha kufunga nguzo. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Chuma kiliinuka kidogo tu.

Sitaandika mengine.

Iliandikwa kuwa ni ajali. Mchungaji wetu, Joab, alisema kwenye mazishi kwamba Mungu alimwita mtumishi wake. Mimi niliamka hospitalini na mkono wa kushoto wenye ganzi. Ganzi hiyo haijaisha. Ninaweza kushika sufuria ya moto na mkono huo mpaka mtu apige kelele.

Watu huniuliza kama nimelia. Sijalia. Naomba kila alfajiri, magoti chini, maneno yale yale, na maneno yanatoka kama maji ya bomba. Sijui yanaenda wapi. Naendelea tu.

Kitu kimoja nilikuwa nacho. Kaburini niliahidi kwamba nitamaliza nyumba ya Kipruto kabla ya Krismasi. Sikuwa na kitu kingine cha kunitoa kitandani.

Jioni ya Jumanne hiyo ya X, Kipkosgei alifika akiwa amelowa na amefura kwa hasira.

"Ni Morris," akasema kabla hata ya kuketi. "Nani mwingine? Ameita kaunti ili tushindwe, anunue hii plot bei ya kutupa."

Morris ana duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Babu yake alikuja hapa kutoka Nyeri. Tukiwa na amani yeye ni jirani. Kitu kikiharibika, anakuwa mtu wa kuja.

"Una hakika, shemeji?" nikauliza.

"Alhamisi Mchungaji anakuja. Tutaombea hiyo X, tuifute. Ijumaa mimi napanda, naweka mbao za paa. Wakirudi wakute nyumba iko na kichwa."

Kogo alikuwa anapepeta mahindi pembeni. Ungo ulisimama mkononi mwake, kisha ukaendelea.

Mimi sikukataa. Nilisema sawa.

Kesho yake nilibeba ramani darasani. Mwalimu wetu, Priscillah, alikuwa ametufundisha alama ya kaskazini kwenye ramani. Nilimwomba anionyeshe jinsi nyumba yetu ilivyogeuka. Akakata kipande cha karatasi sawa na nyumba, akakilaza juu ya ramani, akaniambia, "Kigeuze mwenyewe."

Nikakigeuza mpaka mlango ukaangalia mashariki.

Nyumba yetu ni ndefu. Ukigeuza kitu kirefu, ncha yake inafika mahali haikuwa. Ncha ya karatasi ilivuka mstari wa nukta nukta. Pembeni ya mstari kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza. Niliyasoma mwenyewe, silabi kwa silabi. Njia ya stima.

Mchoraji alikuwa ameiona. Alikuwa ameikimbiza nyumba mbali na waya kwa makusudi, sisi tukairudisha.

"Umeelewa?" Mwalimu Priscillah akauliza.

"Nimeelewa."

Alingoja nilie, nafikiri. Nilikunja ramani nikaenda nyumbani.

Na hapa ndipo mtanishangaa. Nilijua sasa. Lakini Alhamisi ilipofika, nilipika chai ya fellowship, ibada yetu ya nyumbani, kama kawaida, nikapanga viti, na sikumwambia Kipkosgei asipande. Ahadi ya kaburini ilikuwa imenikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Niliona nikisema bomoa, nitakuwa nimemwacha Kipruto mara ya pili.

Watu walijaa. Tuliimba. Mchungaji Joab akatutoa nje mpaka mbele ya ile X, akainua mkono.

"Bwana, mshinde adui aliyeinuka juu ya nyumba hii!"

"Amina!"

"Na adui mwenyewe yule anakuja," Kipkosgei akasema kwa sauti.

Morris alikuwa anashuka njia ya majani chai na mwavuli wake, na mkate wa kuleta kwa chai. Alisimama.

"Chamgei," akatusalimia kwa lugha yetu.

Hakuna aliyeitikia.

"Ulilipwa ngapi kutusimamishia nyumba?" Kipkosgei akamrukia.

Morris akamwangalia, akaniangalia mimi, akaniita kwa jina la binti yangu. "Mama Chepkurui, mimi nauza simiti. Na misumari. Na mabati. Nikisimamisha nyumba yako nitauzia nani, ng'ombe?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifunika mdomo.

"Wacha mchezo, Morris!" Kipkosgei akasema. "Kama si wewe ni nani?"

"Ni mimi."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Kogo alikuwa amesimama na fimbo yake, kitambaa kimeteleza kichwani.

"Mama, rudi ndani," Kipkosgei akasema. "Una baridi."

"Nimesema ni mimi. Nilienda ofisini kwao. Nilimkuta yule kijana Gichana anakunywa chai ya rangi, akaniambia maziwa yanamchoma tumbo. Nikamwambia njoo usimamishe ile nyumba. Weka alama kubwa, watoto wangu hawasikii maneno."

Chai ya rangi. Kumbe hakumnyima maziwa. Alimjua.

Mchungaji Joab alishusha mkono. "Mama Bilhah, tulikubaliana kwamba ni Mungu aliyemwita Kipruto."

"Mchungaji, usinitupie Mungu." Hakupaza sauti. "Mungu hakugeuza kamba. Niligeuza mimi. Nilitaka jua. Nimepata jua, kijana wangu yuko chini. Na kesho huyu mwingine anataka kupanda pale pale." Alimwonyesha Kipkosgei kwa fimbo. "Ningewaambia nyinyi ni kosa langu, mngesema mzee amechanganyikiwa na msiba, aombewe. Kaunti hawaniombei. Wao wana rangi."

Kipkosgei alikaa chini kwenye rundo la mawe.

Wote wakaniangalia. Nyumba ni yangu. Neno lilikuwa langu.

Wewe unayesoma hii na unajenga, sikia. Muhuri wa kaunti unakubali karatasi. Haukubali kamba uliyofunga shambani. Waite waje waone kabla simiti haijamwagwa, hata kama mvua iko mlimani na fundi ananung'unika. Na ukitaka kugeuza mlango, rudi kwa mchoraji kwanza, umwambie unataka jua. Labda angetupatia jua. Hatukumuuliza. Na wewe unayemwombea aliyefiwa, omba, lakini kwanza angalia juu uone kama waya bado uko.

Nilimwendea Kogo. Alinishika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Sikuhisi kitu. Lakini niliona ameushika, nikajua ni mkono wangu.

Nikageukia watu, Mchungaji na Morris na mwavuli wake, nikasema kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie:

"Nyinyi ni mashahidi. Mimi Janeffer, mke wa Kipruto, niliahidi kaburini nitamaliza nyumba hii. Ahadi hiyo naiweka chini hapa leo. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba hakuna mtoto wa Bilhah atakayepanda ukuta huu tena. Kesho tunaubomoa, tukianza na pembe ile, na stima ikiwa imezimwa. Na tutakapopima upya, Gichana atakuwa hapa kabla ya kamba, na Kogo atamwambia yeye mwenyewe anataka mlango uangalie wapi."