Nyanya za Sabas na Kijia cha Mnazini

Majani yalianza kujikunja upande wa dirisha la jikoni. Mwanzoni Nana Tibang alidhani ni jua tu, maana jua la Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, mwezi wa Februari halina adabu, na nyanya yoyote hujikunyata kidogo adhuhuri kisha ikajinyoosha jua likipoa. Lakini haya yalilala yamejikunja na kuamka yamejikunja, na kingo zake zilikuwa zimekauka kama zimepitishwa motoni. Aliyatazama kwa moyo mzito, kwa sababu nyanya zile hazikuwa zake. Zilikuwa za Sabas.

Sabas alikuwa mumewe, na alifariki kiangazi kilichopita. Mbegu alizirithi kwa mama yake: nyanya ndogo zenye migongo kama viboga, chachu hata ukiuma moja jicho linajifumba lenyewe. Kila mwaka alizikausha mbegu juu ya kipande cha gazeti na kuzitundika juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu. Tibang alikuta furushi moja tu pale juu, akazipanda zote. Hakubakisha hata punje. Mwaka wa msiba ulikuwa unakaribia kutimia, siku ya kuvua nguo nyeusi, siku ambayo angemwekea mumewe atang, ile sahani ya chakula cha marehemu. Juu ya sahani alitaka ziwemo nyanya hizi, zilizokatwakatwa na kuchanganywa na vitunguu vidogo na bagoong, wale samaki wadogo waliovundikwa mtungini kwa chumvi. Hicho ndicho chakula ambacho Sabas angeamka usingizini kukila. Zikifa hizi, mbegu ile ndiyo imekwisha.

Jirani yake Ambo alipoona hali ile juu ya uzio wa mianzi, hakungoja kukaribishwa. Alikuwa amelima nyanya za sokoni upande wa pili.

"Manang Tibang, dada yangu, samahani kwa nitakayosema."

"Tangu lini ukaomba samahani, Ambo? Sema."

"Huo ni ugonjwa wa nzi weupe. Jani likijikunja hivyo, dawa yake ni kung'oa na kuchoma. Ukilionea huruma, kesho ugonjwa uko kwangu."

"Ulipokuwa ukija hapa na bakuli la wali kula nyanya za Sabas, hukuogopa magonjwa."

"Nilizila, na ukinipa nitazila tena! Lakini, Manang, mwaka ule wa ugonjwa tulipoteza nyanya za kijiji kizima. Wewe mwenyewe ulilia."

Ni kweli alilia. Tibang akakwangua tope kwenye kiatu chake.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema. "Nitazing'oa mwenyewe. Usije na panga lako hapa kama unamchinja nguruwe wa harusi."

Ambo akaondoka, hana raha.

Watu wa Ilocos husemwa nchi nzima kwa ubahili, nao hucheka wakitaniwa, maana hawana la kujitetea. Nyumbani kwa mama yake Tibang hata maji yalikuwa na kazi ya pili. Alipoolewa alikuja na tabia ile kama vyombo vya bi harusi. Maji ya kuoshea mchele, maji ya mboga, maji aliyolowekea samaki wa chumvi, maji ya kusuuzia mtungi wa bagoong, yote yaliingia kopo na kopo likapitishwa dirishani. Sabas alikuwa akingoja nje, kichwa kikiwa usawa wa kizingiti.

"Haya, bibi wa dirishani, leo umenipikia nini?"

"Supu ya nyanya zako. Wanyweshe watoto wako, usimwage."

"Mimi nimwage? Si utanila mzima."

Tangu usichana wake mpaka mvi zake walitaniana hivyo, yeye ndani na mumewe nje, na majirani wote walijua kwamba nyanya za Sabas hunenepeshwa na jiko la Tibang. Alijivuna kwa hilo, na hakuona haya. Kila mtu ana lake la kujivunia.

Alipobaki mjane, aliona ni haki nyanya ziendelee kunywa zilichozoea. Lakini kupikia mtu mmoja hakuna ladha. Mchele ulikuwa konzi moja, maji yake kidogo. Kitoweo kilikuwa samaki wa chumvi au bagoong, asubuhi na jioni. Kopo lilijaa vilevile, naye alizunguka nyuma ya nyumba na kulimimina mwenyewe, huku akizisemesha nyanya kama Sabas alivyofanya.

Jioni ile akatoka na jembe dogo. Alianza na mche ulio chini ya dirisha, kwa sababu ndio uliokuwa na hali mbaya zaidi. Uling'oka bila ubishi, mizizi yake myekundu kama kutu. Akakaa chini, akalia kidogo, kisha akafuta macho kwa kitambaa chake cheusi ili auone wa pili. Hapo ndipo alipoona kitu. Miche ya mwisho kabisa, ile iliyopakana na uzio wa Ambo, ilikuwa imenyooka, majani yake mapana na mabichi. Kopo lake halikuwahi kufika kule. Magoti yalikuwa yakimgomea njiani. Nzi gani huyu anayekoma pale bibi kizee anapochoka?

Akatazama udongo wa shimo. Ulikuwa na ukoko mweupe juu. Akachukua chembe, akaiweka ulimini.

Ladha ile aliijua kuliko jina lake. Ilikuwa bagoong.

"Lakini Sabas alizimwagia maji haya haya!" alisema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu anayebishana naye.

Kidaka kilianguka kutoka mnazini, pu! Mnazi ule uliokuwa pembeni mwa kiwanja mwaka huu ulikuwa ukidondosha vidaka ovyo, nao zamani madafu yake yaligombaniwa na watoto wa mtaa mzima. Tibang akageuza kichwa. Kati ya dirisha na mnazi palikuwa na kijia, kimeanza kuota majani lakini bado kinaonekana. Alikijua. Alikuwa akimtukana Sabas kwa sababu ya kijia kile: mwanamume mzima, choo unacho, unakwenda kukojoa nyuma ya mnazi kila siku! Naye Sabas alikuwa akicheka tu na kusema mzee ana shughuli zake.

Akakifuata. Nyuma ya mnazi, kwenye msumari, palitundikwa kopo kuukuu la maziwa. Ndani yake chumvi ilikuwa imeganda kama ukoko wa wali. Maji ya chumvi Sabas alikuwa akiyaleta huku, kwa mnazi unaopenda chumvi; nyanya alizipa ya mchele na mboga tu.

Asubuhi Ambo alimkuta akichota maji kisimani na kuiloweka miche iliyobaki, maji matamu ndoo baada ya ndoo, mpaka ukoko mweupe ukazama. Alipoelezwa, alishika kiuno.

"Kumbe! Na mimi miaka yote nilidhani anakwenda kukojoa."

"Sote tulidhani hivyo, mjinga wewe. Shika ndoo."

Majani yaliyojikunja hayakunyooka tena, ila machipukizi yalitoka mapana. Siku ya kuvua nguo nyeusi zilipatikana nyanya chache, zilitosha sahani ya Sabas na furushi jipya la mbegu juu ya jiko. Ambo alipewa moja, akafumba jicho.

Wageni walipoondoka, Tibang aliosha bakuli la bagoong, akatia maji yake koponi, akapita kijia mpaka mnazini. Akamimina taratibu. Kutoka pale dirisha la jikoni lilionekana wazi, tupu.

"Ungeniambia tu, Sabas," alisema. "Neno moja tu."

Lakini alijijua. Angeona haya, angeacha kupitisha kopo, na asingekuwa tena bibi wa dirishani.