Sauti ya Nasimiyu

Kwa Wabukusu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka lifike lile analolitaka, hapo hutulia. Kwa hiyo msicheke sana mkiambiwa kwamba Nyongesa, dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, katika shamba la mzungu mmoja huko Njoro, miaka ile ya hamsini, aliiitia mashine yake majina. Ilikuwa mpya, nyekundu, na asubuhi ya kwanza ilikohoa tu, ikakataa kuwaka. Alipomtaja Nasimiyu, nyanya yake, ikanguruma.

Nasimiyu ndiye aliyemlea. Bibi huyo alikufa wakati Nyongesa yuko huko kazini, na habari ilimfikia kaburi limeshaota nyasi. Hakuwahi kumlilia. Sasa, juu ya mashine katikati ya ngano, alimsikia ndani ya sanduku la gia: mvumo mzito, wa chini kwa chini, kama wa mwanamke anayesaga wimbi huku akiimba midomo imefumbwa. Macho yalimlegea. Ngano ilipita chini yake, manjano tupu, mlima Menengai ukielea kwa mbali, naye akawa tena mtoto kando ya jiwe la kusagia, unga ukimwingia puani. Wenzake walimwita Mume wa Kombaini. Shauri yao.

Msimu wa tatu gia moja ilikatika. Mzungu akaleta nyingine kutoka mjini, ya bandia, si ya kiwanda chenyewe, iking'aa kama sufuria ya arusi. Iliingia kwa kupigwa nyundo. Mashine ilivuna, ndiyo, lakini ilipiga kelele kama nguruwe aliyekabwa, na kabla ya wiki kwisha meno ya gia yalikuwa yamelika. Nyongesa alishindwa hata kula. Ngano ilikuwa ya bwana na ingevunwa hivi au vile. Yeye alihofia kumpoteza nyanya yake mara ya pili.

Hiram, fundi wa karakana, alimkumbusha kombaini ya kijani iliyoungua injini katika shamba la jirani.

"Kijani?" Nyongesa alishtuka. Hizo zilikuwa kampuni mbili zilizoshindana, na madereva wa nyekundu na wa kijani hata chai hawakuwa wakinywa pamoja.

"Rangi isikudanganye. Hawa wazungu wanabishana juu ya rangi, na huko kwao gia zote zinatoka kiwanda kimoja. Enda uone."

Alikwenda. Alimkuta dereva wake, Mjaluo aitwaye Owino, ameketi kivulini mwa ile mashine iliyoungua kama mtu aliye matangani. Mwenye shamba alikwisha kubali gia itolewe. Owino alichukua spana. Aliifungua mwenyewe, akaifuta kwa shati lake, akaibeba mwenyewe mpaka shambani kwa kina Nyongesa.

Gia iliingia bila nyundo. Hiram aliisukuma kwa kidole gumba, ikakaa mahali pake kama iliyozaliwa pale. Nyongesa akapanda, akawasha, akafumba macho. Ukaja moshi kwanza, kisha ule mvumo. Ulikuwa uleule. Furaha ilimjaa.

Alipofumbua macho alimwona Owino amesimama kwenye mabua, kofia mkononi, machozi yakimtiririka.

"Ni nini, ndugu yangu?"

"Ni marehemu baba," Owino akasema. "Alikuwa akiimba hivyo akikamua ng'ombe. Mimi nilifikiri ameungua na ile mashine."

Nyongesa alitaka kumwambia anakosea, kwamba huyu ni Nasimiyu, mwanamke wa Kibukusu ambaye hakuwahi kukamua ng'ombe wa Mjaluo yeyote. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Akamtazama yule mwanamume mzima na kofia yake, wivu ukamtoka polepole, akasogea pembeni ya kiti.

"Panda," alisema. "Ngano bado ni nyingi. Panda umsikilize."

Owino akapanda. Wakashika mstari mrefu kuelekea mlimani, bega kwa bega, na mvumo ukapanda kutoka chini ya miguu yao. Katikati ya shamba Nyongesa naye akaanza kulia, kwa sauti, na Owino hakumuuliza anamlilia nani.