Shamba la Mchungaji Tusiyemjua

Nakumbuka siku tuliyoshuka bondeni, mwanangu, hapa hapa Heru Juu, kumpa mchungaji shamba. Nilikuwa mke mpya, mwepesi wa kusema na mzito wa kusikiliza. Mama mkwe wangu, mjane, alikuwa na kipande cha bonde chenye unyevu hata kiangazi. Tulivuna maharage wakati wenzetu wanatazama vumbi. Hicho ndicho alichoamua kutoa. Wapo wanaotoa lile la mawe kule mlimani, halafu wanataka washangiliwe.

Posho ya mchungaji wetu, Zabroni, ilikuwa ndogo, na kuchelewa ilichelewa kweli. Kwa hiyo katikati ya wiki aliuza sabuni sokoni karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na wagonjwa na wafiwa wakamsubiri. Alikuwa ametuambia waziwazi kwamba watoto wake wakiendelea kulala na uji mtupu, ataacha uchungaji. Nasi tulimpenda mno. Ndiye aliyenifungisha ndoa.

Basi tukazunguka mpaka wote, majirani wakashuhudia, vijana wakachomeka miche ya minyaa kuwa alama. Kwa desturi yetu hapo shughuli imekwisha. Lakini afisa mtendaji wa kijiji akatoa karatasi, akauliza, "Niandike jina la nani?"

"Zabroni!" tukaitikia, na mimi nikapiga kigelegele.

Mama mkwe akasogea mbele. Akamuuliza mtendaji, "Ukiliandika kwa jina lake, halafu akahamishwa?"

"Linabaki lake, mama. Na la watoto wake baada yake."

"Basi usiandike."

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema mbele za watu, "Mama, mbona unamdhalilisha mchungaji wetu?"

Akanigeukia taratibu. "Mkamwana, huyu ni wetu leo. Akipelekwa Murungu, atalibeba bonde kichwani?"

Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Zabroni mwenyewe. "Mama amesema kweli," akasema. "Mimi nipeni pa kulima tu."

Mtendaji akatueleza kwamba ardhi ya kanisa huandikwa kwa bodi yake ya wadhamini, na mkutano wa kijiji lazima uridhie kwanza. Mambo yakachukua muda hadi nikanuna. Lakini Mama hakumngojesha mwenye njaa: Zabroni alishika jembe kesho yake asubuhi, karatasi zenye jina la kanisa zikafuata polepole. Sabuni akaachana nazo. Waliofiwa wakawa wanamkuta nyumbani, miguu ikiwa na matope, yuko tayari kwenda nao.

Miaka ikapita, akahamishiwa Murungu kweli, huko Kibondo. Akaondoka na kuku wake na jembe lake, tukamsindikiza tukilia. Mchungaji aliyekuja badala yake alifika na mke, watoto na magodoro, mfukoni hana kitu. Jioni ile mkewe akashuka bondeni, akakuta maharage yamekomaa. Hakugusa. Akaja kwetu kuuliza ni ya nani, asije akaitwa mwizi siku ya kwanza.

Mama mkwe wakati huo alikuwa akitembea kwa kushikwa mkono. Akamwambia, "Ni yenu. Jina lako sikulijua, mwanangu, ila nilijua utakuja na njaa."

Yule mgeni akakaa chini palepale, akalia. Nami nililia, kwa furaha, na kwa kumwelewa mama mkwe wangu nikiwa nimechelewa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimpenda mtumishi wa Mungu, usimshibishe sifa za Jumapili. Mpe pa kulima, tena pazuri. Na ukishatoa, shamba liandikwe ipasavyo, mbele ya kijiji, kwa jina la kanisa na si la mtu, hata kama mtu huyo unampenda kama ndugu yako. Usione haya kuuliza swali wakati wenzako wanapiga vigelegele.

Mungu akujalie bonde lisilokauka na mkono usiobana. Na wale watakaokula baada yako wakubariki, hata kama jina lako hawatalijua kamwe.