Matangi Kumi na Mawili ya Mama Pampu

Dada yangu mkubwa ndiye mwangalizi wa maji katika jengo la ghorofa sita, na wapangaji wote humwita Mama Pampu. Kwa miaka kumi na tisa alipanda hadi juu ya paa na fimbo yake, akaichovya katika kila tangi kujua kina cha maji, kisha akashuka kuwasha pampu. Mwishowe magoti yakagoma.

Mwenye nyumba akanunua kifaa cha kupima maji. Hukaa ndani ya tangi na kutuma habari kwenye kisanduku kilichoko chumba cha pampu, nacho kisanduku hujaza tangi lililopungua. Tangi la kwanza lilikwenda vizuri, basi akanunua vifaa vya matangi yote kumi na mawili. Dada akavipanga mwenyewe kwa simu. Yeye ni mtu wa saa. Zamani aligonga kengele ya shule, na hata chai yake ina dakika yake. Akaviamuru vyote vitoe habari kila saa inapotimia, bila kupungua wala kuzidi.

Mabomba yakaanza kukauka, leo ghorofa ya pili, kesho ya tano. Mpangaji mmoja, fundi cherehani, akamuuliza kwenye ngazi kama simu yake ndiyo inayokunywa maji yao. Dada alicheka. Mwenye nyumba hakucheka. Alisema vifaa vikishindwa mpaka Ijumaa atavitoa, na fimbo atapewa mtu mwenye magoti mazima.

Jumatano nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta amekikodolea macho kisanduku. Saa saba kamili taa yake ilimetameta kama imepagawa, kisha ikatulia. Kwenye simu yalifika majibu ya matangi manne tu.

"Mdogo wangu," akasema akikigusa kisanduku, "nimeyaamuru yaseme yote kwa mpigo, na huyu maskini ana sikio moja."

Papo hapo akaligawia kila tangi dakika yake, na lisipojibiwa lirudie. Akabadili pia namba ya siri ya kuvipangia vifaa, maana ile ya kiwandani ilikuwa moja kwa vyote, tena imeandikwa ubavuni mwa kisanduku, kila aingiaye chumba cha pampu aisome.

Ijumaa mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango akifungua mabomba. Kwa fundi cherehani maji yalimrukia mpaka kifuani. Akashuka akijifuta, akauliza kama dada anaweza kufunga vifaa kama hivyo kwenye majengo yake mengine mawili.

"Naweza," dada akamjibu. "Ila kwanza uniletee kiti. Kazi hii sasa ni ya kukaa."