Mkono Uliozuia Leso

Mwenzangu niliyesomea naye uuguzi alipostaafu alirudi kwao Masara, mimi nikabaki Homa Bay. Kila nilipomtembelea mazungumzo yetu yaliishia pale pale: kazi yetu ilivyogeuka. Sisi tulivaa gauni jeupe lililotiwa wanga na kofia iliyobanwa kwa pini, na metroni alitukagua kucha kabla ya sala ya asubuhi. Mapigo ya moyo tuliyatafuta kwa vidole. Mgonjwa akifa tulifungua dirisha, tukamwosha, huku tukimweleza kila tunachomfanyia kana kwamba anasikia. Wauguzi wa siku hizi, mwenzangu alizoea kusema, wanaangalia mashine kwanza, mtu baadaye.

Siku hiyo tulikuwa tunamenya mihogo, jua la utosi, tuliposikia wanaume wakipiga kelele upande wa machimbo ya dhahabu. Kisha kelele zikakatika. Hata mashine za kusaga mawe zilizimwa. Sijawahi kusikia Masara ikiwa kimya vile. Kuku wenyewe walisimama.

"Shimo limeanguka," mwenzangu alisema, akavaa viatu.

Tulimkuta kijana mmoja amelazwa kwenye turubai, ametolewa kwa kamba, mwili mzima tope la kijivu hadi kwenye kope. Wachimbaji wenzake walitupisha. Tulimtoa tope mdomoni na puani, tukampulizia pumzi, tukamkandamiza kifua kwa zamu. Nilitafuta mapigo shingoni, sikuyapata. Mwenzangu aliweka sikio kifuani, akasikiliza muda mrefu. Ngozi ya yule kijana ilikuwa baridi katikati ya jua lile.

Mwenzangu alinitazama, akatikisa kichwa. Alimfumba macho, akamwambia kwa Kijaluo, kwa sauti ile ya chini tuliyoizoea wodini, kwamba sasa apumzike. Akafungua leso kiunoni amfunike uso.

Leso haikufika. Alibaki ameinama, ameishikilia hewani, hasogei. Nilidhani mgongo umemkamata.

Hapo ndipo muuguzi wa zahanati alipofika kwa bodaboda, msichana wa suruali na raba, moja kwa moja kutoka kliniki ya wajawazito. Mkononi alikuwa na kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Hakuwa na kingine.

"Mama, naomba nipite," aliniambia. Akampaka yule kijana jeli shingoni, akakigandamiza pale.

Kifaa kilivuma kama upepo ndani ya mtungi. Halafu kwenye spika yake ndogo, kila mtu akasikia: dup. Kimya kirefu. Dup. Sauti ile nimeisikia kliniki miaka mingi, na siku zote ilitoka kwa mtu ambaye hajazaliwa. Wanaume walirudi nyuma. Mmoja alianza kuomba kwa sauti.

Msichana hakutulaumu. "Bado yuko," alisema. "Mama, nishikie kichwa hivi." Tukafuata maagizo yake mpaka gari likaja kumchukua kumpeleka hospitali ya Migori.

Wiki kadhaa baadaye yule kijana alikuwa akiuguzwa kwa dada yake Homa Bay. Mwenzangu akaja, tukaenda kumwona. Tulimkuta ameketi nje, blanketi mabegani, ametugeuzia mgongo. Mwenzangu alipiga hodi tu, na kijana akageuka upesi.

"Ni wewe uliniambia nipumzike," alisema. "Nilikuwa nasikia, mama. Macho ndiyo yalikataa kufunguka."

Mwenzangu aliketi kabla hajakaribishwa.

"Na yule mwenzenu mwingine, hamkuja naye?"

"Yule sista wa zahanati?" nikamuuliza.

"Hapana, huyo alikuja baadaye. Wewe ulinishika shingo, mama huyu akaongea. Mwingine alikaa hapa kichwani. Hakusema kitu. Alinukia sabuni ya dawa. Huyu akitaka kunifunika, yeye akamkataza."

Nilicheka kidogo. Nikamweleza kwamba ubongo ukikosa hewa humwonyesha mtu mengi. Aliitikia kwa heshima, kama mtu anayemwachia mkubwa neno la mwisho. Mwenzangu hakucheka.

Tulipokuwa tunarudi, tukipita kwa akina mama wauza samaki, nilimuuliza mbona amenyamaza.

"Siku ile nilishikwa mkono," alisema. Akanionyesha, juu kidogo ya kiwiko. "Vidole vya mtu, vimekaza. Nilidhani ni wewe."

Nilikuwa ng'ambo ya pili ya turubai, mikono yangu yote miwili imeshika vidole vya yule kijana. Nilimwambia hivyo. Tukaendelea kutembea, na hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Kijana amepona, anatengeneza simu mjini na habari za mashimo hataki kuzisikia. Mwenzangu ameacha kuwasema wauguzi wa siku hizi. Kanisani huchagua benchi la mwisho kabisa, lile lililoegemea ukuta, asiwe na mtu nyuma yake. Nikienda Masara nakaa naye huko huko.