Programu ya Thieta na Harusi ya Wafula

Ukikutana na mtu wa Nakuru wa rika langu, mtajie jina langu, Barasa wa Stoo, halafu usimwulize kama ananijua, mtazame tu mdomo. Ukianza kutetemeka pembeni, basi ananijua, na kinachomchekesha ni aibu niliyoipata siku ya harusi ya ndugu yangu Wafula, mbele ya kanisa zima, mbele ya mama yangu mzazi, mbele ya wakwe kutoka Subukia ambao wengi wao walikuwa wanatuona kwa mara ya kwanza. Miaka mingi nimekataa kuisimulia. Leo naisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wanaiharibu (kuna mmoja pale Bondeni anasema nilikuja kanisani bila suruali kabisa, na huo ni uongo, suruali nilikuwa nayo, taabu ilikuwa ni suruali gani).

Kwanza ujue ugonjwa wangu. Nilikuwa nakusanya programu za thieta, vile vijitabu vyembamba ambavyo watu hupewa mlangoni wakienda kutazama mchezo wa kuigiza, vyenye majina ya waigizaji na mara nyingi picha ya jumba lenyewe. Ndani ya thieta sikuwa nimeingia hata siku moja. Ile ya mjini kwetu ilikuwa ya Wazungu na mimi niliijua paa tu. Lakini shangazi yangu alikuwa yaya kwa familia moja ya Milimani, na siku moja akanifungia maandazi kwa karatasi yenye picha ya jumba la ajabu, ghorofa juu ya ghorofa, viti vimezunguka kama masega ya nyuki, na katikati taa kubwa inaning'inia utadhani jua limefungwa kamba. Nikala maandazi, nikabaki na karatasi, na tangu hapo sikupona. Shangazi akawa ananiletea zote zinazotupwa. Kwenye mnada wa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao nikapata kitabu kizima cha thieta za zamani, kizito kama tofali, mchwa wamekula kurasa za mwisho, nikakisoma mpaka nikajua jumba gani liliungua, gani lilijengwa tena juu ya majivu, gani paa lake lilianguka watu wakiwa ndani wanacheka. Mwenzangu mmoja kazini aliniuliza, "Barasa, mahali hujawahi kufika unasoma habari zake za nini?" Nikamwambia, "Kwani wewe za mbinguni si unasoma?"

Kazi yangu ilikuwa ukarani katika stoo ya mizigo ya reli, kama marehemu baba yangu. Sasa, juma lile la harusi, habari ikafika stoo kwamba kundi la waigizaji kutoka Uingereza limemaliza michezo yake Nairobi na litapita kwetu Jumamosi na gari la moshi la kwenda Kampala. Jumamosi! Siku yenyewe ya harusi! Na mimi ndiye bestimani!

Nikajiambia hiyo ni bahati, si balaa. Gari linafika mchana, harusi ni alasiri, stesheni na kanisa havina umbali wa kumchosha kuku. Nikavaa suti yangu mpya ya rangi ya maziwa, iliyoshonwa na fundi Mhindi mpaka nikaogopa kukaa, nikachukua pete kwa Wafula na kuisukuma ndani kabisa ya kile kimfuko kidogo cha saa kiunoni mwa suruali. Wafula akaniuliza, "Unaenda wapi na wewe umeshavaa?"

"Stesheni. Narudi sasa hivi."

"Barasa."

"Sasa hivi, nimekwambia!"

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Mengine yote yalijileta.

Gari likaingia linapumua moshi, na moyo wangu unapumua kuliko gari. Niliwajua mara moja, kwa sababu ni watu waliokuwa wanaongea kana kwamba jukwaa lote la stesheni limelipia viti. Kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye kofia ya manyoya ya ndege, na mzee mrefu mwembamba aliyeshika kikombe cha chai kama ameshika ua. Nikavua kofia, nikasema kwa Kiingereza changu cha stoo kwamba naomba programu moja tu, hata kuukuu, hata iliyochanika. Yule mama akanitazama, akamtazama mzee, akasema, "Umesikia? Tumesafiri dunia nzima na hakuna aliyewahi kutuomba programu bila kununua tikiti!" Kisha akacheka, akaniambia ziko kwenye sanduku ndani ya behewa, nije nimsaidie kulifungua, kufuli lake lina kichaa.

Nikapanda. (Siku zile za Hali ya Hatari, Mwafrika kuonekana ndani ya behewa la daraja la kwanza bila kazi ya kufanya humo halikuwa jambo la mchezo, lakini mtu akikuonyesha sanduku la dhahabu unaangalia mlango?) Kufuli likakubali. Ndugu zangu! Programu zilikuwa za kila rangi, nyingine zina kamba za hariri, na chini kabisa mzee alikuwa na zake mwenyewe za tangu ujana wake. Nikaona moja yenye picha ya jumba ninalolijua, nikapiga kelele, "Hili liliangushwa na bomu wakati wa vita!" Mzee akaweka kikombe chini. "Wewe umelijuaje?" Nikamwambia ukurasa wake katika kitabu changu, nikamwambia mpaka lilivyopakwa rangi, na yeye akaanza kunieleza jinsi sauti ilivyokuwa inatembea mle ndani, kwamba ukinong'ona jukwaani mtu wa kiti cha mwisho anapangusa machozi, na mimi nimeinama pale sakafuni, midomo wazi, nimesahau jina langu. Filimbi ikalia. Nikadhani ni injini inayopanga mabehewa. Mimi, karani wa reli, mtoto wa mtu wa reli! Watu wengine huachwa na gari. Mimi lilinichukua.

Niliposikia magurudumu yanagonga ndipo nikaruka mpaka mlangoni, nikafungua, nikatupa mguu mmoja nje, na yule mama akanikamata koti kwa nyuma akilia kwamba nitakufa, na suruali ikanaswa na komeo la mlango, ikapasuka kutoka mfukoni mpaka gotini na kurudi nyuma mpaka mahali ambapo sitapataja. Nikarudi ndani nimejishika kwa mikono miwili.

"Ninasimamia harusi!" nikawaambia. "Leo! Sasa!"

Walikuwa watu wema, sitasema vingine. Kituo cha kusimama kilikuwa Rongai, na kabla ya Rongai walitaka niwe nimesitirika. Lakini masanduku yao ya nguo za kawaida yalikuwa behewa la mizigo, na pale palikuwa na sanduku la mavazi ya kuigizia tu, na suruali pekee iliyonitosha ilikuwa ya mfalme: mahameli nyekundu, vifungo vya dhahabu, inaishia magotini, na chini yake soksi ndefu nyeupe. Yule mama akaichukua suruali yangu akasema ataishona na kuirudisha na gari la kurudi. Mzee akanitia mkononi ile programu ya jumba lililopigwa bomu. "Ikae na mtu anayelijua," akasema. Naapa, kwa muda nikiwa nimeishika, sikukumbuka kabisa nimevaa nini.

Rongai wakanikumbusha. Nilishuka, watoto wakanifuata, mama mmoja muuza mahindi akafunga macho. Nikasimama barabarani nikapungia kila kitu chenye magurudumu, mpaka lori moja likapunguza mwendo, limejaa nguruwe. Dereva, Arap Koech, alinitazama kutoka soksi mpaka tai.

"Wewe ni mtu wa nini?"

"Bestimani, mzee. Nakuru. Nimechelewa."

"Mbele kumejaa," akasema. Ni kweli, mke wake na vikapu vyake walikuwepo. "Panda na hao wengine."

Nikapanda na hao wengine. Niliweka programu chini ya shati, kifuani, nikawapa nguruwe mgongo, na wao hawakunipa chochote cha kushukuru.

Kanisani walikuwa wameshaimba nyimbo zote za ndoa wakaingia za Krismasi. Nilipofungua mlango wimbo ukakatika katikati ya neno. Nikatembea ile njia yote ya katikati, soksi zangu nyeupe zina mambo ya nguruwe, mahameli inawaka kama taa, na kila safu niliyoipita ikavuta pumzi na kisha ikajuta kuivuta. Nikasimama kando ya Wafula. Hakugeuka.

"Umetoka wapi?" akanong'ona.

"Rongai."

Pasta alikuwa mtu wa subira, akakohoa, akaendelea kana kwamba wafalme huja kila Jumamosi. Akafika mahali pale. "Pete," akasema. Mkono wangu ukateremka kiunoni kutafuta kimfuko cha saa, ukakuta mahameli. Mahameli tupu, haina hata mfuko mmoja, maana wafalme hubebewa.

"Barasa," Wafula akanong'ona, "usiniambie."

"Iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Eldoret."

Alikuwa amenong'ona, na mimi nilinong'ona, lakini kumbe kanisa letu nalo sauti ilikuwa inatembea. Mjomba wa bibi harusi akainuka. "Sisi tulimleta Rael kwa watu," akasema, "hatukumleta kwa sarakasi. Hata pete hawana! Rael, twende nyumbani." Na wazee wa Subukia wakaanza kuchukua fimbo zao, moja baada ya nyingine, na Wafula akafumba macho kama mtu anayengoja kupigwa.

Ndipo mama akasimama. Mama yangu hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Akaja polepole mpaka mbele, akaniangalia kwa jicho ambalo bado naliona, kisha akanyoosha mkono wake, wenye pete ya baba. "Hii ilinifaa mimi," akamwambia Rael. "Kama itakufaa na wewe." Akaivuta. Haikutoka. Akavuta tena. Kidole kilikuwa kimenenepa juu yake miaka yote ile, na pasta akajaribu, na Wafula akajaribu, mpaka ikabidi mtu aende nyumba ya pasta kuleta sabuni na maji, na kanisa zima likakaa kimya linasikiliza mama anaoshwa kidole.

Katika kimya kile Rael akaanza kucheka. Alianza kidogo, bega tu, halafu kitambaa cha usoni kikatetemeka, halafu akashindwa akashika kiti. Alikuwa amelia tangu asubuhi kwa kuogopa watu wasiomjua, yeye mwenyewe aliniambia baadaye, na pale akanitazama mimi na soksi zangu akaona kwamba ukoo wenye mtu kama huyu hauwezi kumtisha mtu. Mama naye akacheka. Pete ikatoka. Mjomba akakaa chini, akapangusa macho kwa kofia.

Suruali yangu ilirudi na gari la kurudi, imeshonwa vizuri kuliko fundi, pete imo ndani ya kimfuko, nami nikarudisha mahameli imefuliwa. Rael alikataa kubadilishana pete. Kwa hiyo pete mpya anayo mama, na ukimwuliza atakwambia ilipita Eldoret kwanza.

Mpiga picha alikuwa amenisogeza kando siku ile, lakini Rael akasema asipige bila mimi, kwa hiyo nimo, katikati, magoti yangu mbele, kwenye ukuta wa sebule yao mpaka leo. Kila mgeni huanza kwa kuniuliza mimi kabla hajawauliza wenye nyumba. Nami nimeapa mara elfu kwamba nikiwa na kitu cha mtu mfukoni, sitakanyaga stesheni hata apite nani, na kwamba sitasimamia harusi ya mtu tena maisha yangu yote. Kiapo cha pili kimekuwa rahisi kutimiza. Hakuna aliyeniomba.