Nafasi Moja Chini ya Kikapu

Mjukuu wangu akiingia bafuni kwetu anainama. Nawaambia watu wote habari hiyo, hata wasiouliza, kwa sababu urefu ule ni wangu. Mama yake ni mfupi, baba yake wa kawaida tu. Miguu ile imewaruka wote wawili, imetoka kwangu moja kwa moja. Hapa Akalla Waswidi wakipishana nami kituoni hugeuka kunitazama. Nami huwageukia.

Kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, ile ya wachezaji wanaolipwa, alipokuja nyumbani mara ya kwanza alinitazama mimi kabla ya mtoto. Alianzia kwenye kandambili akapanda hadi kwenye kilemba, kisha akauliza kama magoti yangu yanauma. Sikuhitaji shule kumwelewa. Kwetu Burundi, marehemu baba alipokwenda kununua mtamba, aliomba kwanza aoneshwe mama yake.

"Mwambie hayaumi," nilimwambia mjukuu. "Na meno yangu yote yapo, kama anataka kuhesabu."

Kocha alicheka. Ni kijana wa ndevu nyekundu, mwepesi wa kucheka.

Timu yao haijengwi kama kwaya ya kanisani kwetu, ambako kila anayekuja anaimba. Kila nafasi ina kazi yake: huyu wa kugawa mpira, yule wa kufunga kutoka mbali. Wanachukua kwanza wageni wachache wa bei kubwa, halafu mapengo wanayajaza kwa watoto wa hapahapa. Majira yale ya joto pengo lilikuwa limebaki moja, la mtu mrefu wa kusimama chini ya kikapu na kusukumana. Mjukuu wangu alikuwa akiingojea nafasi hiyo tangu kikosi cha watoto. Alikataa chuo kwa ajili yake. Kocha akamwambia wazi kwamba kuna mwingine anakuja kujaribiwa, Mkongomani anayetoka Ufaransa. Watafanya mazoezi pamoja, na kabla ya mechi ya kwanza atabaki mmoja.

Halafu kocha huyohuyo akamwomba mjukuu wangu amsaidie mgeni kuzoea mji, maana wanaelewana kwa Kiswahili.

Mjukuu akamleta nyumbani Jumapili, baada ya ibada. Msichana wa Bukavu, mabega mapana, macho yamevimba. Timu ilikuwa imempa chumba mtaa wa Sundbyberg, na humo alikuwa akila tambi baridi na kulia.

"Mama, chakula cha huku ni kama kutafuna kadibodi," alisema. "Nimeshafunga sanduku. Nitarudi."

Nikamwekea bugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Alikula bila kuinua kichwa. Alipomaliza akaegemea kiti, akafumba macho.

"Aksanti, mama. Sasa nimekuwa mtu."

Jumapili iliyofuata alikuja bila kualikwa, na nyingine pia. Rafiki yangu wa kanisani, Mrundi mwenzangu, alimkuta mezani akanivuta jikoni.

"Wewe bibi, una akili kweli? Mwache na njaa yake apande ndege mwenyewe. Nafasi ibaki kwa mtoto wako."

"Mjukuu wangu hahitaji mwenzake ashinde njaa ndipo acheze. Atamwangusha akiwa ameshiba."

"Haya. Endelea kunenepesha."

Nikanenepesha. Kwetu aliyefika mlangoni na njaa hafukuzwi, lakini sikufanya kwa ajili ya mila peke yake. Nilitaka yule msichana ashindwe vizuri, watu waone, asipate cha kusingizia.

Mjukuu alirudi kutoka mazoezini na michubuko mbavuni. Mimi humsemesha kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi.

"Ananirusha kama mto wa kochi," alisema.

"Basi na wewe ongeza bugali."

"Bugali haifundishi kuruka, bibi." Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Wiki ya mwisho kabla ya mechi, kocha akaja Jumapili na maua. Mgeni alikuwa mezani, sahani imejaa. Mimi nimekaa. Mjukuu wangu akasimama kando ya friji kututafsiria, kwa sababu Kiswidi changu ni cha dukani na cha hospitali tu.

"Anasema anakushukuru," mjukuu alitafsiri. "Anasema dada alikuwa ameshafunga sanduku. Bila chakula chako angeondoka. Anasema wewe pia umeijenga timu."

"Na nini tena?"

Kocha akasema maneno marefu. Nikauona uso wa mtoto, nikajua anayasikia kwa mara ya kwanza pamoja nami.

"Anasema nafasi ni ya dada. Mimi nina mwili mzuri lakini bado mbichi, na timu inataka kushinda msimu huu, haiwezi kungoja niive. Anasema kuna timu ya daraja la chini, atawapigia simu." Akashika mpini wa friji. "Anauliza kama umeelewa."

"Mwambie nimeelewa. Mwambie anayekuja kumchinja mtoto kwao asimpe mtoto huyo kisu amshikie. Na maua yake akaweke makaburini."

Mjukuu wangu akamgeukia kocha. "Tack så mycket," akasema.

Kiswidi changu ni kidogo, lakini asante naijua. Kocha akatabasamu, akavuta sahani, akajipakulia sombe. Alisifu. Akaongeza.

Mgeni alikuwa ameweka tonge chini.

"Mama, sikujua kama atasema leo."

"Lakini ulijua."

Machozi yakamdondokea mkononi.

"Kula," nikamwambia. "Chakula changu hakirudi chunguni."

Akala. Chumba kizima kilisikia anavyotafuna. Mjukuu wangu alichukua koti akatoka, na mlango hakuubamiza, aliufunga taratibu.

Simu ya timu ya daraja la chini haikuja. Siku hizi mtoto anakaa mtaa wa Vårby gård kwa rafiki yake, anapanga maboksi ghalani. Wanampenda huko, hahitaji ngazi. Nikimpigia anajibu kwa Kiswidi, maneno mawili matatu. Mara moja tu alinijibu kwa Kiswahili, nisije nikasema sikuelewa.

"Siku utakayoacha kumpikia yule, bibi, nitakuja."

"Sitaacha," nikamwambia. "Sijawahi kumnyima mtu chakula kwa sababu amekushinda."

Akakata simu.

Mkongomani bado anakuja kila Jumapili. Anakula, anaosha vyombo, anaondoka. Nimemtazama akicheza, kwenye simu ya rafiki yangu wa kanisani. Anawasukuma kando kama mapazia, anaruka, anarudi chini na mpira. Rafiki yangu alinitazama, akangoja niseme kitu. Nikamwambia atazame vizuri, nguvu zile zimepikwa hapa kwangu.